Barafu ya Kale Chini ya Changarawe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Moshi. Niliwaeleza wanafunzi kwamba sehemu za Antaktika ni jangwa, na kwamba chini ya changarawe zake imo barafu ya mamilioni ya miaka. Mmoja akaelekeza kidole dirishani, upande wa Kibo, akauliza, “Mbona hii yetu inakwisha?” Naomba msaada.

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa kiini cha jambo lenyewe, kwa kuwa barafu hupotea hata pasipo kuyeyuka. Nyama iliyoachwa wazi kwenye friza hukauka na kupauka pembeni ingawa bado imeganda, kwa sababu barafu iliyomo ndani yake hugeuka mvuke moja kwa moja na kuchukuliwa na hewa kavu.

Katika Mabonde Makavu ya McMurdo, huko Antaktika, mvua hainyeshi. Huanguka theluji kidogo tu, ambayo ikipimwa kama maji haifiki milimita 100 kwa mwaka, na upepo mkavu huifagia upesi. Barafu iliyo wazi huko nayo huliwa na hewa. Inayodumu ni ile iliyofukiwa, kwa sababu mvuke wake hulazimika kupenya polepole katika vijitundu vilivyo kati ya chembe za mchanga, na jua la kiangazi huishia kuupasha moto udongo wa juu tu. Mwaka 1995 watafiti walieleza kwamba katika bonde la Beacon, barafu iliyolala chini ya mawe na changarawe imefunikwa na udongo wenye jivu la volkano la takriban miaka milioni 8. Wapo wanasayansi waliopinga umri huo, wakisema kwa kasi ya upotevu waliyoikokotoa barafu hiyo ingekwisha zamani, na ubishi huo ni wa haki kabisa.

Hata kwenye sayari ya Mirihi jambo hili limeonekana. Mwezi Juni 2008 chombo cha Phoenix cha Marekani kilichimba mfereji mfupi, na vipande vyeupe vilivyofunuliwa humo vikatoweka ndani ya siku nne.

Barafu ya Kibo, kwa upande wake, imesimama wazi kama kuta juani, katika hewa kavu, na theluji mpya haitoshi kufidia kinachopotea. Kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa takriban asilimia 85.

Jaribuni darasani: pimeni vipande viwili vya barafu vyenye uzito sawa, kimoja kikae wazi frizani, kingine kifukiwe katika mchanga mkavu uliopozwa kwanza humo humo, maana mchanga wenye joto utakiyeyusha. Baada ya wiki nne vipimeni tena, na mwanafunzi wako ndiye ashike mizani.