Kukatwa vidole na mashine ya nyasi: mwajiri akidai ni uzembe

Ndugu, umeuliza kama kibarua aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe ana haki yoyote, maana mwajiri anasema alizembea. Anayo. Hapa Kenya sheria ya fidia kwa walioumia kazini (WIBA) ya 2007 haimdai aliyeumia athibitishe kosa la mwajiri. Inatosha kwamba ajali imetokea akiwa kazini, na mkataba wa mdomo ni mkataba. Utovu wa makusudi ndio unaoweza kumnyima fidia, nao pia hauhesabiki ulemavu ukiwa mkubwa.

Halafu itazameni mashine yenyewe. Rola zikishika glavu au mkono wa shati, zinavuta mpaka kwenye visu. Wengi huumia wakimalizia nyasi fupi: mdomo wa kulishia ni mfupi, kwa hiyo mtu anasukuma kwa kiganja badala ya kijiti. Wengine hukatwa injini ikiwa imeshazimwa, wakifungua kuzibua, kumbe gurudumu la visu bado linazunguka. Pigeni picha mdomo huo, mkanda na puli leo, kabla vikinga vipya havijafungwa.

Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kuripoti kwa ofisi ya usalama na afya kazini (DOSH). Asiporipoti, nendeni wenyewe mkiwa na karatasi za hospitali na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kazi. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Msikimbilie mahakamani kwanza. Mahakama ya Juu ilithibitisha 2019 kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi wa DOSH.

Fidia ya ulemavu wa kudumu ni mshahara wa miezi 96 mara asilimia aliyopimwa. Kwa mfano, mshahara wa 15,000 na ulemavu wa asilimia 10 ni shilingi 144,000. Kwa hiyo asitie sahihi karatasi ya "tumemalizana" kwa elfu ishirini kabla daktari hajampima. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 60 za kuweka pingamizi.

Wengine wenye mashine hizi: kidole kikikatika, kisuuzeni, kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitieni kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, kisha mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama, inaiua.