Opeth na Heritage: usiiruke, ila usiingie ukisubiri mngurumo

Mkuu, umeuliza kama Heritage, albamu ya bendi ya metali (roki nzito) Opeth, ni ya kurukwa kwa kuwa humo waliacha kunguruma, yaani kuimba kwa sauti nzito ya kukoroma. Nakujibu kama mtu aliyeichukia karibu mwaka mzima.

Ilipotoka Septemba 2011, masikio yangu yalikuwa bado yamejaa Watershed, albamu yao ya 2008. Nikaiwasha, ikaanza na piano tupu. Sawa, nikasema, dhoruba inakuja. Nikamsubiri mwimbaji wao, Mikael Åkerfeldt, angurume wimbo wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka albamu ikaisha anaimba kwa sauti safi tu. Iliniuma kweli. Hawa jamaa wa Stockholm ndio walionifundisha kuipenda metali, na nikaona wameniacha njiani.

Kilichonirudisha ni gitaa. Nilijaribu kupiga "The Devil's Orchard" nikidhani, kwa kuwa haina ule mkwaruzo mzito, itakuwa rahisi. Vidole vilinyooka! Mapigo yanageuka ghafla, na ukichelewa kidogo tu wimbo umekuacha. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa uzito haukuondoka, umehamia kwingine: kwenye ngoma za Martin Axenrot, kwenye besi ya Martín Méndez inayosikika wazi, na kwenye ukimya kati ya noti. Sikiliza "Famine" kwa hedifoni. Kuna ngoma za mkono za Alex Acuña na filimbi ya Björn J:son Lindh, kisha piano inabaki karibu peke yake, halafu gitaa linaingia polepole, zito kama mlango wa chuma. Mimi hunisisimua mwili kila mara, na hakuna aliyenguruma.

"Slither" ndiyo nyepesi kuizoea: ni heshima kwa mwimbaji wa metali Ronnie James Dio, aliyefariki 2010, na inakimbia kama roki ya miaka ya 70.

Ushauri wangu: anza na albamu yao Damnation ya 2003. Nayo haina mngurumo, na aliyesaidia kuitengeneza, Steven Wilson, ndiye aliyechanganya sauti za Heritage. Ukitoka huko utaona kona hii walianza kuikata mapema. Sisi ndio hatukutazama.

Mngurumo ulirudi 2024 kwenye albamu yao The Last Will and Testament. Nilifurahi sana, nikaisikiliza mara mbili mfululizo. Kisha usiku uleule nikaweka "Famine".