Kivumbasi kimelegea na udongo umelowa, nifanyeje?

SWALI: Assalamu alaikum dada wa bustani. Mimi niko Mikindani, nyumba yetu iko upande wa chini kuelekea krik, na nyuma kuna kipande cha bustani hakikauki mwaka mzima, masika ndo usiseme, maji yanasimama siku mbili tatu. Bibi yangu kule Kilifi alikuwa na vivumbasi vikubwa mlangoni, harufu ile naipenda sana na pia navitaka kwa sababu ya mbu. Nishapanda miche mara kadhaa, mwanzo inashika vizuri, halafu majani yanalegea yanageuka manjano, namwagia maji asubuhi na jioni lakini wapi. Jirani ananambia kivumbasi ni mmea wa porini hautaki bustani, ni kweli? Mama Z., Mikindani

JIBU: Waalaikum salaam dadangu. Jambo la kwanza tafadhali hayo maji ya asubuhi na jioni yaache kuanzia leo, maana ndo yanamalizia hiyo miche. Mizizi inahitaji hewa kama sisi, na udongo ukijaa maji hewa yote inatoka, mizizi inaanza kuoza, na mzizi ulooza hauwezi kunyonya maji hata ukiwa umekaa ndani yake, kwa hivo majani yanalegea vilevile kama mmea wenye kiu na mwenyewe unaingiwa na huruma unaongeza maji. Ng'oa mche mmoja uangalie. Mzizi mzima ni mweupe au kahawia hafifu na umekaza, ulooza ni mweusi, unateleza, ukiuvuta kwa vidole ganda linavuka linabaki kama uzi mwembamba katikati, na unanuka mtaro.

Jirani yako amekosea. Kivumbasi ni chetu, kinaota chenyewe njiani, pembeni mwa misitu mpaka kandokando ya maziwa na mito, yaani unyevu kinaupenda, kinachokishinda ni maji yalosimama. Ile aina kubwa ya bibi yako inafika hata mita mbili, chini shina linakuwa gumu kama mti, na harufu yake inakaribia karafuu kwa sababu mara nyingi mafuta ya majani yake yana yujeno, ile ile ilo ndani ya karafuu.

Sasa kabla hujapanda tena chimba shimo la futi moja kwenda chini, lijaze maji, yakishuka yote lijaze tena. Mara ya pili yakiisha kwa masaa machache huna tatizo kubwa, lakini ukiamka kesho yake bado yapo, hapo usipande chini kabisa hata mtu akuambie nini. Na kwa vile uko karibu na krik kuna kitu kingine wengi hatukiangalii, nacho ni chumvi. Msimu wa kaskazi udongo ukikauka juu angalia kama kuna utando mweupe kama unga, na kama unamwagilia maji ya kisima yaonje kwanza, visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi na kivumbasi hakiyapendi, kingo za majani zinaungua. Ukikuta chumvi usihangaike na ardhi hiyo, chukua mtungi wa lita 20 uukate juu, toboa matundu mengi chini, uweke juu ya mawe mawili matatu upande humo, utapata kichaka kizuri tu. Kama unataka mmea wa kukaa kwenye chumvi yenyewe basi tafuta mkadi, huo umezoea pwani.

Kama chumvi hakuna, piga tuta. Liinue futi moja na upana kama mita moja, changanya udongo wako na mchanga wa mto na samadi ya mbuzi ilooza vizuri, na mchanga wa ufuoni usiuguse, umejaa chumvi. Juu ya tuta tandaza makumbi ya nazi lakini yaache mbali na shina kama upana wa kiganja, yakigusa shina nalo linaoza. Pembeni chimba kamfereji maji yapate pa kwendea.

Panda mwezi wa 7 au wa 8, mvua kubwa ishapita na kusi bado linavuma, jua halijawa kali. Miche usinunue, omba vijiti kwa mwenye mmea wenye afya, urefu wa kiganja, visivyo na maua, kata chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini uchomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, wiki mbili tatu vinatoa mizizi. Mbegu pia zaota ila ni ndogo mno, zinyunyize juu tu bila kuzifukia, zinataka mwanga.

Kuhusu mbu nataka nikwambie ukweli kwa sababu watu wanaambiwa mambo mengi. Watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, walipima mimea ya jamii hii kule Mbita, Ziwa Viktoria, ikaonekana ikichomwa au hata ikikaa kwenye chungu inapunguza mbu, haiwamalizi, kwa hivo neti ya watoto usiitoe. Na hayo maji yanayosimama nyuma ya nyumba ndo yana kazi zaidi, kwa joto letu yai la mbu linafika mbu kamili kwa kama wiki moja hivi, kwa hivo mfereji utakusaidia kuliko kivumbasi chenyewe.

SWALI: Kivumbasi changu kimekua kirefu chembamba kama fimbo na sasa kina maua, nikikate au nitakiua? Msomaji, Likoni

JIBU: Kata bila wasiwasi ndugu yangu, ila usishuke mpaka kwenye mti mkavu usio na jani, acha majani ya kutosha chini ya pale unapokata na kitachipua matawi pembeni. Kingekatwa ncha kilipofika magotini kingekuwa kichaka saa hizi, lakini hujachelewa. Angalia pia kama kinapata jua, kivulini kinarefuka hivo hivo kikitafuta mwanga. Maua usiyamalize yote, nyuki wanayapenda sana, bakisha mashada mawili yakauke rangi ya kahawia halafu uyapukute mbegu juu ya karatasi, maana shina likifika miaka miwili mitatu linachoka na utahitaji miche mipya.