Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Picha vya Wanyama wa Kufugwa

SWALI: Nina kitabu cha picha cha mbuzi aliyeingia jikoni. Nikimsomea mwanangu wa miaka minne hacheki, ila dada yake akimsomea anaangua kicheko. Nakosea wapi?
Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU: Mama wa Wawili, sikiliza vizuri dada mtu anavyosoma. Bila shaka hamwelezi mdogo wake picha. Utamu wa vitabu hivi uko pale maneno na picha vinapopishana. Maneno yanasema, “Mbuzi alimngoja bibi kwa adabu.” Mtoto anatazama, anamwona mbuzi huyohuyo ndevu zimejaa unga na sufuria limemkaa kichwani. Amekamata jambo ambalo msomaji anajifanya halioni. Ukisema, “Ona, amevaa sufuria!”, umemnyang'anya kicheko chake.

Kitabu cha Pat Hutchins, Rosie's Walk, cha mwaka 1968, kina maneno 32 tu ya Kiingereza. Kuku anatembea shambani, mbweha yuko nyuma yake akipata ajali baada ya ajali, na neno “mbweha” halimo hata mara moja. Mtoto ndiye anayelipiga kelele.

Kwa hiyo soma kwa sauti ya kawaida, uso umekaza, kama anayesoma taarifa ya habari. Ingiza kidole gumba chini ya pembe ya ukurasa kabla sentensi haijaisha. Ukimaliza hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo ugeuze. Ukigeuza mapema, mtoto hajapata nafasi ya kubashiri, na asiyebashiri hashtuki. Akitaka kurudi nyuma atazame tena, rudi. Kitabu cha namna hii hakina haraka.

SWALI: Vitabu vyetu vingi ni vya Kiingereza. Natafsiri papo hapo, lakini kichekesho kinapotea, hasa kwenye vina na milio ya wanyama. Wanangu wana miaka miwili na saba, wote kwenye kochi moja.
Baba, Nakuru

JIBU: Achana na vina. Ukivikimbiza utasoma sentensi zilizopinda na watoto watahisi. Badala yake tumia mali ya Kiswahili chenyewe. Bata hatumbukii tu, anatumbukia chubwi! Yai linaanguka pu! Fahali analala fofofo, zizi linajaa pomoni, paka aliyenyeshewa amelowa chepechepe. Soma kitabu peke yako mara moja mchana, uandike maneno hayo kwa penseli kwenye vipande vya karatasi na kuvichomeka kila ukurasa. Kutafsiri usiku bila kujiandaa ndiko kunakoleta kigugumizi.

Kuna na silaha ya pili: ngeli. Mbwa wa shamba akijigamba, mwite jibwa: “Jibwa likanguruma, likatoa meno.” Mtetea akimfukuza, hapohapo amekuwa kijibwa: “Kijibwa kikafyata mkia, kikakimbia.” Hujaongeza neno lolote la kuchekesha, sarufi yenyewe imemfanya mdogo. Mtoto wa miaka saba ataidaka mara moja, na kesho utamsikia akiijaribu kwa paka.

Angalia pia “he” na “she”. Kiambishi a- hakitofautishi dume na jike. Hadithi ikitegemea kwamba mbabe wa shamba aligeuka kuwa mama, mwite “kuku” tu tangu mwanzo, usiseme jogoo wala mtetea mpaka mayai yaonekane.

Kuhusu umri, wagawie kazi. Mdogo apewe mlio mmoja tu, meee ya mbuzi au kokorikoo ya jogoo, na autoe kila mnyama huyo akitokea. Mkubwa amsemee mnyama asiye na maneno kitabuni, yule anayechungulia pembeni mwa picha. Mkubwa akikosa kazi ataanza kumtangulia mdogo kwa kutaja mwisho, na hapo ugomvi.

SWALI: Ng'ombe akivaa miwani na kuongea, watoto wa mjini ambao hawajamwona ng'ombe hawatapotoka?
Mwalimu wa awali, Dodoma

JIBU: Miwani haina neno, Mwalimu. Hata mtoto wa mjini anajua hiyo ni ya kubuni. Chunguza tabia za mnyama mwenyewe, maana kicheko kizuri hutoka kwenye ukweli. Kuku huatamia mayai yake siku 21, ya bata wa kawaida huchukua siku 28. Mfugaji anaweza kumwekea kuku mayai ya bata, na vifaranga wakishafika dimbwini wanatumbukia, mama anabaki ukingoni akitetea na kukimbia huku na huko. Hiyo ni hadithi nzima, haihitaji miwani. Tazama na meno: ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana meno ya mbele ya juu. Kitabu kikiwa na ng'ombe mwenye meno mawili makubwa juu, waulize watoto kosa liko wapi. Na mboni ya jicho la mbuzi imelala ubapa. Ikichorwa hivyo, mbuzi anaonekana ana njama hata akiwa amesimama tu.

SWALI: Tunataka kutengeneza kitabu chetu nyumbani likizo hii. Tuanzie wapi?
Familia ya watu watano, Tanga

JIBU: Chukueni karatasi 4 za A4, zipangeni pamoja, zikunjeni katikati: mna kurasa 16. Jalada ni manila ya kipimo hichohicho. Kwanza tengenezeni kielelezo kwa karatasi chakavu na kuandika namba kila ukurasa. Karatasi ya nje hubeba kurasa 1, 2, 15 na 16, ya ndani kabisa hubeba 7, 8, 9 na 10. Wanaoruka hatua hii wakikunja wanakuta beberu ameanguka kisimani kabla hajatoka zizini.

Ukurasa 1 ni jina. Kisha mna jozi saba za kurasa zinazotazamana, na ukurasa 16 unabaki peke yake mwishoni. Huo utunzeni kwa kicheko cha mwisho. Swali likae ukurasa wa kulia, jibu likae nyuma yake. “Nani amekula mkeka wa bibi?” iwe ukurasa 7, na mbuzi mwenye ukili unaoning'inia mdomoni awe ukurasa 8. Mkimweka ukurasa 6, jicho la mtoto limeshamwona kabla hamjasoma swali.

Picha pana inayovuka mkunjo ikae 8 na 9, kwani hapo tu ndipo kurasa mbili ni karatasi moja. Kwingineko mistari haitakutana. Nyuso ziwe mbali na mkunjo angalau sentimita 1.5, zisije zikamezwa. Karatasi ya gramu 80 inafaa kwa krayoni na penseli za rangi. Kalamu za wino hupenya upande wa pili, tafuteni ya gramu 120. Maneno yasizidi 20 kwa jozi.

Kushona: toboeni matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati, mengine sentimita 4 kutoka kila ncha. Uzi wa sentimita 50 unatosha. Anzeni ndani, mtoke tundu la kati, muingie la juu, mpite ndani moja kwa moja hadi la chini na kutoka, mrudi kuingia la kati. Fungeni ncha mbili zikiukumbatia uzi mrefu wa ndani, la sivyo mshono utalegea.

Na tafadhali, msifunge hadithi kwa “tangu siku hiyo mbuzi akawa na adabu.” Akimaliza mkeka, ukurasa 16 aonekane akiitazama kanga kwenye kamba.

SWALI: Vitabu ni ghali. Kuna vya bure?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Vipo. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za picha mtandaoni kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na leseni yake inaruhusu kuzichapa. Tumia printa inayochapa pande zote mbili, chagua mpangilio wa kijitabu, kisha shona kama tulivyoeleza hapo juu.