Nesi anaweza kusoma uzamili wa uongozi wa afya?

Dada, umeuliza kama uzamili huu ni wa madaktari tu. Hapana, nesi mwenye digrii anaweza kabisa, usiogope. Chuo Kikuu cha Mzumbe, hapa Tanzania, wana uzamili wa usimamizi wa mifumo ya afya. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, wana MBA (uzamili wa biashara) ya usimamizi wa huduma za afya. Kabla ya kuchagua, angalia uzito wa masomo ya fedha. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya Tanzania, yaani zile wanazochangia wafadhili kwa pamoja, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ndiye anayesimamia kupanga bajeti, kuagiza dawa, kujibu hoja za wakaguzi. Hayo wodini hatukufundishwa, na dawa zikikosekana anayeumia ni mgonjwa. Ruhusa ya mwajiri ya kwenda kusoma ipate kwa maandishi.