Mashine ya maabara ya "bure" na damu niliyoijazia mwenyewe

Haipiti wiki sijapata meseji ya mtu anataka kufungua maabara, au mdogo wangu fulani kamaliza form six anauliza eti maabara ina hela. Nina miaka kumi na kitu kwenye hii kazi, leo niongee kidogo.

Wengi wanaanza na bei ya mashine. Mashine siyo kesi jamani. Hawa wakubwa, Roche wa Uswisi, Abbott wa Marekani, Sysmex wa Japani, Mindray wa China, kwenye biashara ya maabara hela yao ndefu inatoka kwenye vitendanishi, yaani dawa za kupimia, ndio maana wakala anaweza kukuwekea mashine hulipi hata mia, ila mnasaini kwamba utanunua dawa kwake tu, kiasi fulani, kwa miaka kadhaa. Ni sawa na mtu akupe jiko la gesi bure halafu mtungi ujaze kwake.

Sehemu niliyoanzia kazi bosi alisaini bila kuhesabu wagonjwa. Tukaletewa mashine kubwa ya kemia na pale mtaani figo na ini tunapima watu wanne, watano kwa siku. Sasa kitendanishi ukishakifungua kinahesabu siku zake, utumie usitumie, na kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza unapitisha kontroli, yaani sampuli ambayo majibu yake yanajulikana, kuhakikisha mashine haidanganyi, nayo inakula dawa na hakuna anayekulipa. Tulimwaga nyingi kuliko tulizopimia, nakwambia ukweli. Kwa hiyo piga hesabu jibu moja linakugharimu shilingi ngapi, weka kontroli, weka zinazoekspaya, weka yu-pi-esi, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, maana umeme tunaujua, ndio usaini. Usajili wa maabara kwenye bodi na leseni yako ya kazi kutoka baraza la wataalamu wa maabara hivyo havikwepeki, anza navyo mapema.

Wadogo zangu mnaoenda fildi, nyie mashine iacheni kwanza, shikeni chupa za kuchukulia damu. Makosa mengi yanaingia kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Wiki yangu ya pili fildi yalitoka majibu ya potasiamu 14, kalsiamu iko karibu na sifuri. Mkubwa wangu akaangalia karatasi, akatoka nje, akarudi, akaniuliza, "Huyu mgonjwa si ndio yule anachati pale kwenye benchi? Kwa majibu haya alitakiwa awe mochwari." Nikajikuta natoka jasho. Chupa ya kifuniko chekundu, ya vipimo hivyo, ilikuwa na damu kidogo, nikaona nisimchome mama wa watu mara mbili, nikaijazia kutoka kwenye yake nyingine ya kifuniko cha zambarau. Kumbe ile ya zambarau ina EDTA, ni chumvi yenye potasiamu na inakamata kalsiamu ili damu isigande, kwa hiyo nilichopima ni dawa ya chupa, siyo mgonjwa.

Hakunifokea. Alinipa sindano nikamwombe radhi yule mama nimchome upya, potasiamu ikaja 4.1, ya kawaida kabisa.