Nimwazime kitambulisho changu?

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma chuo hapa Mtwara na ni mfungaji wa akiba wa netiboli. Kiongozi wa timu anataka kitambulisho changu akitumie dada aliyemaliza mwaka jana, maana anafunga kuliko mimi. Nikikataa nitaitwa msaliti. Nifanyeje?
Mwanachuo, Shangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe. Huyo ni mamluki, hata kama juzi tu mlikuwa mnalala bweni moja. Mashindano ya vyuo ni ya wanaosoma sasa.

Enzi zangu timu yetu ilichezesha mmoja hivyohivyo. Tulishinda, tukaimba njia nzima hadi Mikindani. Jioni wapinzani wakakata rufaa, ushindi ukafutwa, na aliyefungiwa ni mwenye kadi, ambaye hata mpira hakuugusa. Bado namwona ameketi juu ya begi lake, raba mkononi, hasemi na mtu.

Mwambie kiongozi leo hii, kabla orodha ya wachezaji haijapelekwa. Kisha ingia mazoezini. Kata kucha, mwamuzi atakukagua vidole. Mpira usikae nao zaidi ya sekunde 3. Mkabaji akikusogelea ndani ya sentimeta 120 usimsukume, mwachie mwamuzi. Na tafadhali, usibishane naye: utaonywa, ukirudia unakaa nje dakika 2 na wenzako wanabaki 6 uwanjani. Mwenye haki ya kumuuliza ni kapteni.